Miguu ya Mtoni

Jumamosi, 1 Julai

Mdomo wangu umeniponza tena. Ngoja niandike sasa hivi kabla sijaanza kujitetea.

Mwalimu katupeleka Selong Belanak, ufukweni, kwenye nyumba za wageni zinazochukua wanafunzi wa mazoezi. Wenzetu wote wa chuo walishapata pa kwenda. Tumebaki mimi na Yuli, na nafasi nazo zimebaki mbili. Moja ni kwa Inaq Murni, yaani Mama Murni, mwenye nyumba ya wageni pale pale mchangani: kuwapokea wageni, kuwabebea mbao zao za kupandia mawimbi, kuingia nao majini. Ya pili ni chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Praya. Mashuka. Miezi sita ya mashuka!

Mimi nimetoka Laos, nchi isiyo na bahari hata ya kunawia uso. Nimefeli shule mara mbili, nimekuja kusomea hoteli huku Lombok kwa sababu mkoa mzima hakuna mwingine aliyeitaka ile nafasi. Huu mwaka wa pili. Halafu nikakunje mashuka ya watu? Hapana bwana.

Yuli ni wa hapa hapa kisiwani, lakini kwao ni juu huko kwenye mashamba ya tumbaku. Bahari anaionea kwenye kalenda. Darasani anaandika kila anachosema mwalimu, hata mwalimu akikohoa. Nikasema moyoni, huyu nimeshampita.

Inaq Murni alikuwa kwenye berugak yake, amekunja miguu juu ya jukwaa, kivuli cha makuti kichwani, anachambua mboga. Akauliza nani kati yetu anajua kupanda mawimbi. Yuli akatikisa kichwa. Mimi nikamwambia mimi ni mtoto wa mto Mekong, nimesimama kwenye mtumbwi kabla sijajua kusimama sebuleni. Maji ni maji.

Akanitazama kuanzia nywele mpaka kandambili.

"Haya," akasema. "Alhamisi ya tarehe kumi na tatu nitakaa hapa hapa. Atakayesimama juu ya wimbi, nafasi ni yake."

Siku zinatosha na chenji inabaki. Kesho nalala mpaka mchana.

Jumatatu, 3 Julai

Somo la kwanza. Sijui nianzie wapi.

Anayetufundisha ni Sahdan, mpwa wake Inaq. Nywele zimeungua na chumvi mpaka zimekuwa rangi ya kutu, na anaongea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mimi ameshanibatiza: Laos. Si Bounthan, jina nililopewa na baba yangu. Laos tu, kama ameagiza nchi nzima.

Asubuhi nzima tulikuwa mchangani. Lala kifudifudi. Sukuma kwa mikono. Ruka, simama. Lala tena. Nyati wa watu wakapita na mchungaji wao, wakasimama kututazama. Mimi nilikuwa wa kwanza kuruka kila mara, mwepesi kama panzi. Yuli anaruka kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka.

Kabla ya kuingia majini nikatupa tonge la wali, nikaliomba joka la chini ya maji ruhusa, kama tunavyofanya nyumbani siku za mashindano ya mitumbwi. Sahdan akaniuliza nafanya nini, nikamweleza. Akasema joka la huku halili wali, linakula watalii.

Basi. Tukaingia. Nikaona Yuli na watalii wote wanaojifunza wanaelekea kwenye povu, kule maji yanakopigana. Wajinga, nikasema. Mtu wa mtoni anajua: maji meupe chini yake kuna jiwe. Pita kwenye maji laini, yale meusi yaliyotulia. Na palikuwepo! Katikati kabisa, njia nyororo kama sakafu iliyopigwa deki, haina wimbi hata moja. Nikalala juu ya ubao, nikapiga makasia kwa mikono. Nikaenda! Nikaenda kama nina injini. Nikageuka kuwacheka wale wa kwenye povu, nikawaona wadogo. Nikageuka tena, nikawaona wadogo zaidi. Hapo nilikuwa nimeshaacha kupiga mikono.

Sahdan alinifuata kwa ubao wake. Hakuwa na haraka. Akanishika kamba ya mguuni, akaniburuta kwanza pembeni, sambamba na ufuko, ndipo tukarudi. Akasema maji yote yanayoingia kwa fujo lazima yatoke mahali, na yanatokea pale. Akasema huku mambo ni kinyume: peupe ndipo salama, palipolainika ndipo panapomeza watu. Nikamwambia mimi nilijua. Akasema naam, alinisikia nikijua kwa sauti kubwa.

Yuli hakucheka. Heri angecheka.

Jumanne, 4 Julai

Mbavu. Shingo. Magoti. Tumbo limechunika kwa ile nta ya ubaoni. Nikiinama, maji ya chumvi yananitoka puani yenyewe, hata mezani. Mama mpishi wa bwenini kaniuliza kama nalia.

Silii.

Alhamisi, 6 Julai

Yuli amesimama.

Ndani ya povu tu, wimbi la magotini, lakini amesimama. Suruali ndefu, mikono mirefu, mtandio ameuchomeka ndani ya fulana vizuri kabisa, kama anaenda kufanya mtihani. Akasimama, akateleza mpaka ubao ukagusa mchanga, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye ngazi za msikiti. Sahdan akapiga makofi mawili. Mimi nikamwambia lile halikuwa wimbi, lilikuwa ndoo ya maji imemwagika. Akanijibu kwa upole kwamba basi na mimi nisimame juu ya ndoo hiyo.

Nimejaribu mpaka mikono imekufa ganzi. Naruka haraka kuliko mtu yeyote pale, nasema ukweli. Tatizo linakuja nikishafika juu. Naanguka kushoto. Naanguka kulia. Mara moja nimeanguka mbele, ubao ukanipita juu ya mgongo kama mtu ana haraka zake.

Sahdan akaniambia niruke mchangani aone. Nikaruka. Akatazama miguu yangu muda mrefu.

"Laos, mbona unasimama kama unasubiri kuitwa benki?"

Nikatazama na mimi. Kweli. Miguu miwili sambamba, vidole mbele, mgongo umenyooka. Akasema hapana, mguu mmoja nyuma, mwili ubavu, goti likunje. Nikajua. Nikaruka tena: sambamba. Tena: sambamba.

Ni mtumbwi. Mtumbwi wa kwetu ni mwembamba, unasimama nyuma na pondo mkononi, miguu pamoja, unatazama mbele kutafuta mawe. Ukisimama kiubavu, unapinduka, halafu baba anakupiga na lile pondo ukiwa bado majini. Nilianza nikiwa na miaka sita. Hii miguu haisikilizi Kiindonesia wala Kisasak. Inamsikiliza baba yangu, mzee Khamphet, peke yake, na mzee Khamphet yuko kwetu Pakbeng anavuta sigara.

Ijumaa, 7 Julai

Sahdan kaenda msikitini. Nikaingia peke yangu, nimalize ubishi. Ubao umenipiga mdomoni. Mdomo wa juu umevimba, nafanana na samaki.

Jioni mama kapiga simu ya video. Nikaweka kidole juu ya mdomo kama mtu anayefikiri. Akaniambia toa kidole. Nikatoa. Akaanza kuwaita majirani. Nikamwambia si kitu, najifunza kupanda mawimbi, kwa kweli mimi ndiye bora pale, hata mwalimu anashangaa. Si uongo sana. Sahdan anashangaa kila siku.

Baba akachungulia nyuma yake.

"Hicho chombo kinabeba nini?"

"Kinanibeba mimi, baba."

"Kinakupeleka wapi?"

"Nchi kavu."

"Na kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Nchi kavu."

Akatoka kwenye picha. Mama akasema nimtumie video nikiwa nimesimama, awaonyeshe watu sokoni. Nikasema bila shaka. Nikasema wiki ijayo. Kwa nini nasema vitu hivi? Mdomo umevimba na bado unafanya kazi!

Jumapili, 9 Julai

Leo kuna jambo moja zuri, mengine yote ni takataka. Naanza na zuri.

Mawimbi yamekua. Kufika kule nyuma, ambako wimbi linainuka bado halijavunjika, ni shida. Yuli amejaribu, povu likamrudisha. Kajaribu tena, likamrudisha hadi mchangani, mtandio umejaa mchanga, amekaa chini anapumua. Sahdan akalazimika kumsukumia ubao wake hatua kwa hatua. Bila kusukumwa hafiki, mikono yake haina nguvu hiyo bado.

Mimi nikakaa nikatazama maji. Ile njia laini imehama tangu Jumatatu, iko karibu na mawe sasa. Nikaingia pale makusudi. Ikanibeba. Nikakaa kwa raha zangu, nimejishika shavu, na karibu na mwisho nikajitoa kwa ubavu kama mtu anayevuka mto: pua ya ubao juu kidogo, unaacha maji yafanye kazi. Nikafika kule nyuma nywele zikiwa kavu. Kavu! Sahdan alikuwa bado anahangaika na Yuli. Alipofika akanitazama nywele, akasema tu, "Hii umeiweza."

Akaharibu kwa kuongeza: "Sasa rudi."

Ndiyo hapo. Wimbi likaja, nikalipata, nikaruka, benki. Chini. La pili, benki. La tatu nililala tu kifudifudi likanirudisha hivyo, tumbo juu ya ubao, mbele ya watalii wanaokunywa madafu. Kamtoto fulani kakanielekezea kidole.

Jioni Yuli aliniuliza nawezaje kuiona ile njia. Nikamwonyesha: tazama pale ambapo mawimbi hayavunjiki, tazama povu linaelekea wapi, tazama rangi. Akaichora. Nikamuuliza na yeye, kwa mzaha tu, mguu anauwekaje. Akaanza kunieleza vizuri kabisa. Nikasema basi, nilikuwa natania, nikaondoka. Nina kichwa kama jiwe la kinu.

Jumanne, 11 Julai

NIMESIMAMA.

Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, goti limekunjwa, kila kitu. Labda kwa muda wa kupiga chafya moja, lakini chafya nzima! Nikahisi ubao umekuwa mwepesi, kama umesahau niko juu. Halafu chini.

Nikatoka majini napiga kelele mmeona, mmeona. Sahdan alikuwa ananunua kahawa. Yuli alikuwa amenipa mgongo, anakamua mtandio. Inaq Murni kalala. Walioniona ni nyati tu, na wao walikuwa wanatafuna.

Nikarudi kurudia. Mpaka jua limechoka nimerudia. Benki, benki, benki. Sahdan akasema anaamini, mbona. Alivyosema "anaamini" ndivyo unavyomwambia mtu anayesema kaona jini.

Alhamisi, 13 Julai

Naandika nikiwa ufukweni. Bado haijaisha, lakini nimepewa muda wa kupumua, na mimi nautumia kuandika.

Inaq Murni alikaa kwenye berugak kama alivyosema. Ameleta wajukuu, ameleta majirani, ameleta na sahani ya ndizi za kukaanga. Mawimbi ya kifuani. Yuli akaanza. Sahdan akamsukuma hadi nyuma, akamwachia. La kwanza likampita. La pili akalishika, akasimama, akashuka nalo kiubavu, mtandio haukutingishika. Kwenye povu akainama kidogo, akaendelea mpaka mchangani. Wajukuu wakapiga kelele. Hata mimi mikono yangu ilipiga makofi, sikuituma.

Zamu yangu. Nikapita kwenye njia yangu, nikafika nyuma kabla jirani hajamaliza ndizi yake. Nilisikia mmoja akisema huyu mgeni kapitia wapi. Basi moyo ukajaa. Nikaliacha wimbi la kwanza, nikajifanya nachagua. Nikaliacha la pili. La tatu lilikuwa zuri, nikalipata, nikaruka.

Sambamba.

Sikuanguka pembeni hata. Niliruka wima kama bendera, ubao ukaenda zake, mimi nikabaki. Nikajaribu mara nyingine na nyingine. Mwisho nikarudi kwa tumbo. Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniuma. Walikuwa wananionea huruma, na huruma sikuizoea.

Nikaenda moja kwa moja kwenye berugak nikasimama mbele ya Inaq, maji yananitiririka. Nikasema mwenyewe, kabla hajasema: Yuli kasimama, mimi sikusimama. Nafasi ni yake. Niliona afadhali nilitamke mimi, angalau liwe limetoka kwenye mdomo wangu.

Inaq akasema ni kweli. Akamwita Yuli karibu, akampa ndizi. Halafu akamuuliza atalala wapi.

Yuli akasema popote. Akasema hata chumba cha kuwekea mbao za mawimbi.

Chumba cha mbao ndicho anacholala Sahdan na vijana wawili wa mashua. Nyumbani kwa Inaq wajukuu wamepangwa chini kama dagaa. Na wageni wanaingia majini alfajiri, wakati barabara ya kutoka kwao Yuli bado ni giza tupu na mbwa.

"Ukilala humo usiku mmoja tu," Inaq akasema, "asubuhi wazee wa kwenu wako hapa wanauliza nani kakuiba na mahari iko wapi. Mimi nitawaonyesha nani? Niwapangie hawa watatu wachague?"

Watu wakacheka. Vijana wa mashua wakasukumana. Huku ndivyo ilivyo, msichana akilala nje ya kwao kwenye nyumba yenye vijana, watu wanahesabu kashaolewa, imebaki sherehe. Yuli anajua kuliko mimi. Hakubisha. Alitafuna ndizi yake pole pole, akasema ndiyo, Inaq.

Nikasema mimi nitalala humo, Yuli aje mchana. Inaq akasema kazi yenyewe ni ya alfajiri, na chuo hakimpi watu wawili. Akachukua simu akampigia mwalimu pale pale. Hakuwa mkali. Alimshika Yuli mkono muda wote anaongea.

Kwa hiyo nimepata.

Nafasi ni yangu! Miezi sita ufukweni. Mashuka anakwenda kuyakunja yeye. Nimeota hili jambo tangu tarehe mosi na leo nimelipata, na sijui kwa nini nahisi kama nimevaa shati la mtu. Yuli kasimama, mimi nimepata kitanda. Nikimpigia mama nitamwambia nini? Kwamba nimeshinda?

Inaq akakata simu, akanigeukia. Kesho alfajiri wanakuja wageni wawili, mume na mke. Hawajawahi kugusa ubao. Sahdan ana watu wake upande wa mawe.

"Wewe utawasimamisha," akasema, akaingia ndani kusali.

Nitawasimamisha. Mimi!

Sahdan akanipiga bega akaenda zake. Nikabaki mchangani na ubao. Yuli alikuwa ameshafika kwenye pikipiki ya kaka yake, kofia ya chuma mkononi, ufunguo umeshaingia. Nikamfuata. Nilikuwa nimepanga maneno, mengi tu, mimi si mtu wa kukosa maneno. Yakatoka haya:

"Yuli. Mguu wa nyuma unauwekaje?"

Akanitazama. Nilidhani atawasha pikipiki aondoke, na haki ilikuwa yake. Akauchomoa ufunguo. Kofia akaitundika kwenye kioo.

"Lala chini," akasema.

"Hapa?"

"Unataka wapi, benki?"

Nikalala. Mbele ya majirani, mbele ya wajukuu wa Inaq ambao hawakuondoka, mbele ya watalii na madafu yao. Akachora mstari mchangani kwa kisigino, akachora na alama ya mguu wake wa nyuma, akasema niruke niukanyage huo. Nikaruka. Nikalala tena. Akasema mtu wa mtoni ajikumbushe kwamba hashiki pondo, mikono yangu bado inashika pondo hewani. Sikuwa najua! Nikatazama, kweli ngumi zimekunjwa. Akasema tuanzie mikono, miguu itafuata. Nikaruka na mikono wazi. Karibu. Mguu wa kulia ulirudi nyuma nusu, halafu ukajirekebisha.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema wale watu wawili wa kesho hawajamkosea yeyote.

Sasa hivi amesema nipumue. Ameenda kumwomba Inaq maji ya kunywa. Jua limeshaingia kwenye mnazi wa mwisho na kwao ni mbali, anapaswa kuwa njiani. Sijamshukuru. Kila nikijaribu linakuja neno la utani badala yake, nalirudisha, linakuja jingine.

Anarudi. Glasi mbili. Hajafika hata nusu ya njia, ananyoosha kidole kwenye miguu yangu, na mimi nimekaa tu hapa naandika.

Naitazama. Ipo pamoja, sambamba, vidole mbele, kama imekubaliana yenyewe bila mimi.

"Weka hilo daftari," anasema. "Lala chini."